Maneno Yasiyofaa Redioni

Kijana mmoja niliyemfundisha shule ya msingi, ambaye siku hizi ni mtangazaji katika kituo kimoja cha redio hapa mkoani Ruvuma, alinijia nyumbani Ruhuwiko Jumapili moja alasiri akiwa na daftari jipya kwapani. Baada ya shikamoo na kuulizana hali za nyumbani alisema, "Mwalimu, nimetumwa kwako. Nina kazi ya Kiswahili." Kazi yenyewe ilikuwa kumwandikia orodha ya maneno ya matusi. Kituo chao kina kipindi cha jioni ambamo wasikilizaji hupiga simu kueleza kero zao, na juma lililotangulia mtu mmoja mwenye hasira za mpaka wa shamba alikuwa ametamka hewani neno ambalo sitaliandika hapa. Wanao mtambo unaochelewesha sauti kwa sekunde chache kabla haijaruka, na fundi akibonyeza kitufe, neno huzibwa kwa mlio. Lakini fundi ni kijana naye, na kazi yake ni kukisia tu. Mkubwa wao wa kazi akaamua iwepo orodha.

Nakiri kwamba nilifurahi. Mwalimu mkuu mstaafu huombwa mambo machache na yale yale: kusoma wasifu wa marehemu msibani, kuandika barua ya posa, kukumbuka mpaka wa kiwanja cha fulani ulipita wapi. Kuombwa matusi sikupata kuombwa. Usiku ule nilikaa mezani na penseli, nikaanza kukumbuka yote niliyoyasikia katika viwanja vya mpira, vilabuni, na juu ya kuta za vyoo vya shule nilizoziongoza, na kabla ya saa tano nilikuwa nimefikia maneno 46. Mama watoto akatoka chumbani kuniuliza naandika nini mpaka saa zile. Mimi, mzee wa miaka sabini na kitu, nikaifunika karatasi kwa gazeti kama mwanafunzi aliyefumaniwa na barua ya mapenzi.

Asubuhi niliisoma tena, safari hii kwa macho ya mwalimu wa Kiswahili, nikaona aibu ya namna nyingine. Neno la tatu lilikuwa mavi. Mkulima wa mahindi akipiga simu kuuliza mavi ya kuku yakae siku ngapi kabla ya kutiwa shambani, azibwe? Angeweza kusema samadi, ni kweli, lakini hajamtukana mtu. Neno la tisa lilikuwa shoga. Vijana wa siku hizi wamelifanya tusi, lakini pwani mwanamke humwita rafiki yake shoga tangu zama za bibi zetu, na ukiliziba utakuwa umeziba nusu ya taarabu. Nguruwe, punda na mbwa nilikuwa nimewaandika wote watatu, kana kwamba namtengenezea orodha bwana mifugo.

Tangu siku hiyo jambo hili halikunitoka kichwani, na ndiyo sababu nimeliandikia kurasa hizi. Tumezoea kudhani kwamba tusi limo ndani ya neno kama kokwa lilivyo ndani ya embe, na kwamba ukilitoa neno, tusi limetoka. Sisi wazee ndio tuliopaswa kujua kwamba sivyo, maana tumekulia katika mila zilizojua vizuri zaidi. Kule Tunduru kwa Wayao, na kwa majirani zao Wamakua, nyimbo za jando na unyago huyataja maungo ya mwili na matendo ya ndoa kwa majina yake, bila pazia. Mama yule yule aliyeyaimba usiku mbele ya wari hawezi kuyatamka kesho yake kisimani, na akimsikia mwanawe akiyatamka atamchapa. Hakuna aliyemwona kuwa mnafiki. Kule lilikuwa somo, na kisimani lingekuwa ukosefu wa adabu, ingawa neno ni moja. Vivyo hivyo watani wetu: mtani huweza kuja msibani akaangusha maneno ambayo akiyasema mtu mwingine yatazaa kesi barazani, na wafiwa wakacheka katikati ya machozi. Neno lina mahali pake, na mahali hapo huchungwa na watu, wala si na orodha.

Hata wenzetu wa Marekani, kwa sheria zao ndefu, waliishia karibu na hapo. Oktoba 1973 redio moja ya New York, WBAI, ilirusha saa nane mchana mazungumzo ya mchekeshaji George Carlin kuhusu maneno machafu yasiyoruhusiwa hewani. Baba mmoja aliyekuwa garini na mwanawe aliyasikia akashtaki. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi hiyo, na mwaka 1978 majaji watano dhidi ya wanne wakasema mamlaka ya utangazaji inayo haki ya kuingilia, kwa sababu ya saa yenyewe na watoto wanaoweza kusikia. Walilifananisha jambo hilo na nguruwe aliyeingia sebuleni badala ya kubaki zizini. Mfano huo naupenda. Nguruwe si kosa, na mfugaji wa Mbinga atakuambia ndiye anayemsomeshea watoto. Kosa ni sebule.

Sasa kuhusu huo mlio. Mjukuu wangu wa miaka saba hupanda bajaji pamoja nami kutoka mjini, na madereva wetu hawa huendesha kwa muziki kama vile gari halina mafuta. Siku moja nikamsikia nyumbani akiimba wimbo wa bajaji, na kila alipofika mahali fulani alitoa sauti ya "piii" kali, kwa urefu ule ule, bila kukosea pigo. Nikamuuliza pale pana nini. Akanijibu bila wasiwasi, "Babu, hapo ndipo pana tusi." Alikuwa hajui ni tusi gani. Kufika jioni alikuwa amekwisha kumuuliza kaka yake. Nimefundisha watoto miaka zaidi ya thelathini, na nawaambia wazazi wenzangu kwamba hakuna zana ya kufundishia iliyo bora kuliko hiyo. Acha pengo katika sentensi, darasa zima litanyoosha mikono kulijaza. Tulikuwa tukitunga mitihani namna hiyo.

Redio ya zamani haikuwa na mlio. Ilikuwa na mlango. Wakati wa Radio Tanzania Dar es Salaam, yaani RTD, ambayo kwa miaka mingi ndiyo pekee iliyotufikia huku, bendi ilipeleka maneno ya wimbo kwanza, yakapitiwa na kamati, ndipo wanamuziki wakaruhusiwa kuingia studio. Sitasema kwamba mlango ule ulikuwa mbaya wote. Wanamuziki walijifunza kuzungusha. Mbaraka Mwinshehe na Marijani Rajabu walizungumza juu ya ulevi, fedha, ndoa zilizovunjika na wanawake walioponza wanaume, nasi tulisikiliza pamoja na wakwe zetu bila mtu kuinuka mkekani. Mafumbo na tafsida, ambavyo nilivifundisha kwa chaki, vilikuwa vikifundishwa vizuri zaidi kwa gitaa.

Lakini mlango huo huo ulifungwa pasipostahili, na mfano ninaoukumbuka kwa uchungu ni ule wa Remmy Ongala. Mtu huyu alizaliwa Kindu, Kongo, akaja Dar es Salaam mwaka 1978, na watu wakamwita Dokta kwa sababu ya nyimbo zake. Mwanzoni mwa miaka ya tisini yeye na Super Matimila waliimba "Mambo kwa Soksi". Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikuwa wametambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kufikia wakati wa wimbo ule hapakuwa na mkoa usiozika. Remmy aliwaambia wanaume wavae soksi. Hakusema kondomu. Alichukua neno la duka la nguo, neno ambalo mama humwambia mtoto kila asubuhi ya baridi, akalitwika ujumbe. RTD ikakataa kuupiga wimbo huo, kwa hoja kwamba ungechochea uasherati. Watu waliusikia katika kumbi za dansi na katika kanda zilizopita mikononi.

Nataka msomaji aone vizuri kilichotendeka. Kama kosa lingekuwa neno, basi neno lilikuwa limekwisha kuvaa nguo kutoka shingoni hadi miguuni. Kamati haikuziba tusi, iliziba habari. Nasi huku tulikuwa tukisimama makaburini kusoma kwamba marehemu amefariki "baada ya kuugua kwa muda mrefu". Nimesoma sentensi hiyo mara nyingi kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa walimu wenzangu, mmoja wao kijana wa miaka ishirini na sita. Ilikuwa sentensi ya heshima. Vijana waliosimama nyuma ya kaburi walirudi nyumbani bila kujua wajihadhari na nini.

Baadaye redio za watu binafsi zikaja, Radio One mwaka 1994 na nyingine nyuma yake, na mlango wa RTD ukawa mlango mmoja kati ya mingi. Kazi ya kukemea ikabaki zaidi kwa Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1984, na kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Februari 2018 TCRA ilitangaza nyimbo zaidi ya kumi kuwa hazifai kuchezwa redioni na katika runinga. Mwezi uliofuata msanii Roma Mkatoliki alifungiwa miezi sita kwa sababu ya wimbo uitwao "Kibamia". Novemba mwaka ule ule BASATA ikaufungia wimbo "Mwanza" wa Rayvanny na Diamond Platnumz. Wasanii hao wakauimba Desemba katika tamasha jijini Mwanza kwenyewe, ndipo wakazuiwa kufanya maonyesho yoyote, ndani na nje ya nchi, mpaka walipoomba radhi na kufunguliwa Januari 2019.

Msomaji asiyesikia nyimbo hizo atauliza ni maneno gani makubwa yaliyokuwamo. Bamia ni mboga. Nyegezi, jina lililoleta kesi ya wimbo wa "Mwanza", ni mahali. Kuna stendi ya mabasi, na kwa miaka mingi palikuwa na chuo kilichofundisha waandishi wa habari na watangazaji wa nchi hii. Nimefika. Bila shaka wasanii walijua walichokuwa wakifanya. Jina la mahali lina silabi zake za mwanzo, silabi hizo ni neno la Kiswahili lililomo kamusini kuhusu tamaa ya mwili, na mwimbaji akazibana silabi hizo mpaka zikapiga kelele. Na kibamia ni dhihaka juu ya maumbile ya mwanamume, kila mtu sokoni anaijua. Tangu hapo ukiagiza bamia kwa muuzaji kijana huna budi kumtazama usoni.

Mimi siwatetei. Kama mhakiki wa lugha nasema fumbo la Nyegezi ni fumbo la mtoto wa darasa la tano aliyegundua kwamba jina la mji lina herufi za ajabu, akalirudia mpaka wenzake wamechoka. Fumbo zuri humwachia msikilizaji njia mbili, na mtoto hupita ile ya juu bila kujua kwamba iko ya chini. Hapa njia ni moja. Lakini huo ni udhaifu wa utunzi, na dawa ya utunzi dhaifu ni kuupangia saa ya usiku, au kuucheka. Kufungia kulifanya kinyume. Walimu wenzangu walio kazini waliniambia kwamba watoto ambao hawakuwa wameusikia wimbo waliutafuta kwenye simu wiki ile ile ulipokatazwa.

Nchini Kenya, Ezekiel Mutua, aliyekuwa msimamizi wa bodi ya filamu, alisema mwaka 2019 kuhusu wimbo mmoja uliotamba wakati huo kwamba ubaki kwenye vilabu na baa, usichezwe hadharani penye watoto. Watu walimcheka, naye alikuwa na mengi ya kuchekesha, lakini katika hilo alikaribia hekima ya kisimani niliyoitaja. Hakusema neno life, alisema lina mahali.

Linanisumbua zaidi lile lililotokea Machi 2017. Nay wa Mitego alitoa wimbo "Wapo", wenye kuuliza maswali kuhusu utawala na watu wanaojipendekeza. Akakamatwa Morogoro, BASATA ikautangaza wimbo kuwa hauna maadili. Kabla siku haijaisha Waziri mhusika, Dakta Harrison Mwakyembe, akatangaza kwamba Rais Magufuli ameupenda wimbo, msanii aachiwe, redio ziupige, na ikiwezekana aongezewe watu wa kuwasema, wakwepa kodi na wauza dawa za kulevya wakiwamo. Wengi walifurahi. Mimi nilikaa kitako. Wimbo ambao asubuhi hauna maadili unayo jioni, na haikubadilika hata silabi moja. Basi asubuhi ile neno "maadili" lilikuwa na maana gani? Sisi tuliolifundisha miaka yote, katika uraia, katika dini, katika nidhamu ya gwaride, tumebaki na neno lililopigwa mihuri miwili inayopingana siku moja. Mtu akinitukana nitapona. Neno kama hilo likiharibika, sijui mwalimu anayekuja atalishikia wapi.

Na yako maneno ambayo hakuna fundi angeyabonyezea kitufe. Julai 1993 redio ya RTLM ilianza kurusha matangazo Kigali. Waliokuwa wakiisikiliza wanasema ilikuwa redio ya kuvutia, yenye muziki mzuri na watangazaji wacheshi. Neno lililotumika zaidi kuwaita watu waliokusudiwa kuuawa lilikuwa inyenzi, ambalo kwa Kiswahili ni mende. Ni neno la somo la sayansi. Nimechora mende ubaoni pamoja na miguu yake sita. Aprili 1994 wakimbizi kwa mamia ya maelfu walivuka Rusumo kuingia Ngara, nasi tukawatazama magazetini. Kesi ya waanzilishi wa redio ile, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na mwenye gazeti Hassan Ngeze, ilisikilizwa hapa hapa nchini, Arusha, na hukumu ikatoka Desemba 2003. Adhabu zao zilipunguzwa katika rufaa mwaka 2007. Nikipitisha maneno ya RTLM katika orodha yangu ya maneno 46, mengi yatatoka salama.

Wakenya nao wana madoadoa, neno la fundi cherehani, ambalo katika siasa za Bonde la Ufa lilikuja kumaanisha watu wa makabila mengine wanaopaswa kuondolewa. Aprili 2022 tume yao ya uwiano na utangamano iliamua kutoa orodha ya maneno ya chuki kabla ya uchaguzi, na madoadoa yamo. Sijui kazi nyingine waliyoweza kuifanya kwa haraka ile. Lakini orodha yao nayo ina mateso ya orodha yangu: mtu mwenye nia mbaya atahamia neno la jirani kesho asubuhi, na fundi cherehani atabaki akiogopa kitambaa.

Ningeweza kuishia hapa, na uhakiki ungekuwa umetimia. Lakini liko jambo la kwangu ambalo sikulisema kwa miaka zaidi ya thelathini, na kama silisemi, basi haya yote ni mahubiri ya mzee.

Mwaka 1991 nilikuwa mwalimu mkuu wa shule moja ya kijijini. Msichana wa darasa la sita alikuja ofisini kwangu jioni, wenzake wakiwa wanafagia uwanja, ufagio ukiwa bado mkononi. Nilikuwa na mgeni, mjumbe wa kamati ya shule. Msichana alisimama mlangoni, akasema habari ya mtu mzima mmoja mwenye mashine ya kusaga, na alichomfanyia alipokwenda kusaga mahindi. Alitumia maneno yaliyoandikwa na wavulana kwenye ukuta wa choo. Hakuwa na mengine. Nyumbani hakuna aliyempa, na sisi shuleni katika somo la mwili wa binadamu tulikuwa tukiruka kutoka tumboni hadi magotini.

Nilipiga meza. Nilimwambia, "Ndiyo maneno ya kumwambia mwalimu wako hayo? Mbele ya mgeni?" Nikampa adhabu ya kumwagilia maua kwa juma zima, nikamwambia arudi atakapokuwa amejifunza kusema kwa adabu. Mjumbe alitikisa kichwa kukubali, na tukaendelea na habari za madawati. Msichana alimwagilia maua juma zima. Hakurudi kusema. Muhula uliofuata hakuja shule kabisa, nikasikia amepelekwa kwa shangazi yake mbali. Katika rejesta, mkabala na jina lake, niliandika "mtoro". Ni neno safi, hakuna kamati ambayo ingelikataa.

Sheria ya makosa ya kujamiiana ilikuja mwaka 1998, na siku hizi shule zina walimu wa ushauri na watoto hufundishwa majina ya maungo yao. Hayo nayafurahia. Lakini mimi nilikuwapo kabla, nikiwa na masikio mawili mazuri, nikasikia neno na nisisikie jambo.

Mwenye mashine aliendelea kusaga. Nilipeleka mahindi ya shule kwake mara nyingi.

Nilichana karatasi ya maneno 46. Niliandika nyingine, na nilipomaliza ilikuwa na maneno kumi na moja tu, yale ambayo hayana kazi yoyote mchana ila kumuumiza anayeambiwa. Chini yake niliandika maelezo, na nayaweka hapa kwa sababu nadhani vituo vingine vitakutana na shida hiyo hiyo. Mtu akimtukana mwenzake hewani, akatwe, hata kama maneno yake hayamo katika orodha. Mtangazaji atumie akili zake, ndiyo sababu analipwa. Mtu akieleza alichotendwa yeye au mtoto wake, asikatwe, hata akitumia maneno yote kumi na moja, maana huenda hana mengine. Mtangazaji amsaidie kumaliza, kisha yeye mtangazaji, kwa niaba ya wasikilizaji wenye watoto, arudie habari kwa maneno ya staha. Na kama kitufe lazima kifanye kazi, basi kizibe jina la mtoto, jina la shule na jina la kijiji, ili kesho asinyooshewe kidole njiani. Nyimbo za kikubwa zianze saa nne usiku. Matoleo yenye mlio yasipigwe kabisa: ama wimbo unafaa saa hiyo, ama ungoje usiku.

Kijana alikuja kuichukua karatasi Jumamosi. Aliisoma akiwa amesimama, akageuza nyuma kuona kama kuna ukurasa mwingine.

"Mwalimu," akasema, "mkubwa wetu atasema ni fupi. Yeye alitegemea kama hamsini hivi."

Nikamwambia zilikuwapo 46, nikazichana. Akacheka, akadhani natania. Nikamwomba akae kidogo, nikamsimulia habari ya yule msichana, kama nilivyoiandika hapa. Yeye alizaliwa baada ya mambo hayo, kijiji hicho hakijui. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaikunja karatasi mara mbili, akaitia mfuko wa shati, akaniuliza kama ningekubali kuja kituoni siku moja nizungumze na fundi wa kitufe.

Nimekubali. Ni Alhamisi ijayo, saa tisa, kabla kipindi hakijaanza.